Mbegu ya Mwalimu Wendelini

Harufu ya Ifakara ilitufikia kabla ya Ifakara yenyewe. Tulikuwa tumepanda treni Makambako, mimi, baba, mama na wadogo zangu, tumevaa sweta mbilimbili kama watu wote wa nyanda za juu wanaosafiri mwezi wa sita. Mizigo yetu ilikuwa magunia ya vyombo, godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, na jogoo aliyewika kila tulipotoka kwenye handaki kwa kudhani kumekucha tena. Treni ilishuka milima kwa kusitasita, ikisimama porini bila mtu kujua sababu, na kadiri ilivyoshuka ndivyo mama alivyotuvua, kwanza sweta la juu, kisha la ndani, kisha viatu. Tulipofika Mlimba jasho lilikuwa likitutiririka mgongoni, jambo ambalo kwetu lilimpata mgonjwa tu. Tulipoipita Chita na kuikaribia Mngeta, upepo uliingia dirishani na harufu nisiyoijua: tope, majani yaliyolowa, na ndani yake kitu kitamu kama uji unaokaribia kuchemka. Mzee mmoja aliyeketi mkabala nasi aliniona nikinusanusa kama mbwa mdogo, akacheka. "Huo ni mpunga, kijana. Ukishakaa huku hutausikia tena."

Baba alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda kidogo cha mbao, na kiwanda kilipofungwa mwenzake mmoja alimwambia kwamba bonde la Kilombero lina ardhi ya kumtosha kila mwenye jembe. Ndivyo tulivyojikuta katika kijiji kimoja upande wa Mngeta, kati ya Wandamba na Wapogoro waliotuita watu wa baridi na kutucheka tulivyokanyaga tope kwa ncha za vidole kama kuku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa visu vya kuvunia siku ya pili, maana mpunga ulikuwa umeiva na hakukuwa na mikono ya kutosha. Wazazi wangu walivuna mashamba ya wengine na kulipwa mpunga. Mama alifundishwa kupura na kupepeta na jirani yetu Mama Desi, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na moyo mkubwa zaidi, ambaye habari ikimwingia sikioni asubuhi, jioni ilikuwa imefika sokoni Kiberege. Mpunga tuliolipwa ungetosha kuliwa na kubakiza mbegu, lakini homa ya bonde ilimwangusha baba mara tu mavuno yalipokwisha. Alilala wiki nyingi akitetemeka chini ya blanketi tulilokuja nalo kutoka kwenye baridi, na sisi tukala akiba yote.

Kanisa letu lilikuwa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini lisilo na padri wake. Padri alikuja kutoka mjini mara mojamoja, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote tuliongozwa na katekista, ambaye kila mtu, hata wazee waliomzidi umri, alimwita Mwalimu. Mwalimu Wendelini alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye koti jeusi, shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo ikasimama, na viatu alivyovivua kabla ya kila dimbwi, akavibeba mkononi, akanawa miguu upande wa pili na kuvivaa tena. Katika nchi ile ya tope hakuna aliyepata kumwona na doa. Kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa na kutukagua. Watoto tulinyoosha mikono aone kucha, wanaume walikaguliwa kola, na mwanamke aliyekuja bila kitambaa kichwani alirudishwa nyumbani hata kama nyumbani ni ng'ambo ya mto.

"Mwalimu, Mungu haangalii nguo," Mama Desi alimwambia siku moja aliporudishwa.

"Haangalii kwa sababu ameniweka mimi niangalie," Mwalimu alijibu, na watu waliokuwa nyuma wakaziba midomo wasicheke.

Mimi nilikuwa kwenye darasa lake la komunyo ya kwanza. Siku moja aliitazama miguu yangu akanituma mtaroni kuiosha, na niliporudi sala ya kufunga ilikuwa inasomwa. Hata hivyo nilimpenda. Sikuwa nimewahi kumwona mtu aliyepangika kiasi kile. Nilijifunza kutembea nimefunga mikono nyuma kama yeye, na kuuliza maswali huku nikiinamisha kichwa upande mmoja, hadi mama akanikataza kumwigiza mtu mzima. Baba, ambaye kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, alikuwa na neno moja tu juu yake: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Jumapili ya mavuno ndiyo iliyokuwa sikukuu kubwa ya kigango chetu kuliko hata Pasaka, maana Pasaka iliwakuta watu mashambani. Kila kaya ilileta sehemu ya ilichovuna. Watu walikuja kwa maandamano na ngoma na vigelegele, wenye magunia wakiwa wameandika majina yao ubavuni kwa rangi, herufi kubwa, ili hata aliye mbali asome. Sehemu ya mpunga ule iliuzwa kutengeneza paa la kanisa, na sehemu iliwekwa ghalani iwe mbegu ya wajane na wageni mvua zitakapoanza. Kwa majuma kadhaa Mwalimu alikuwa ametuhubiria kwamba Mungu hapewi makombo. Siku hiyo alikuja akisukuma baiskeli, na juu ya baiskeli gunia lililojaa hadi likawa mviringo, jina lake likiwa limeandikwa kwa rangi nyekundu, mdomo wa gunia ukiwa wazi kidogo na mpunga wa rangi ya dhahabu ukionekana. Vigelegele vilipasua hewa. Hakukubali mtu amsaidie kulishusha. Mama yangu alikuwa amebeba kopo moja la mpunga, akalificha ndani ya kanga hadi alipofika mbele, akalimwaga haraka kwenye mkeka kama mtu anayemwaga maji machafu.

Mwishoni mwa mwaka, mawingu yalipoanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa bila kuondoka, watu wakalima na kuanza kutafuta mbegu. Sisi tulikuwa na eka mbili tulizoazimwa, baba alikuwa amepona kiasi cha kusimama, na ndani hatukuwa na punje. Kukosa kupanda kulikuwa na maana moja tu: mwaka mwingine wa kuvuna vya watu, au treni ya kurudi tulikotoka bila kitu. Kwa hiyo mzee wa kigango, Mzee Kasiani, alipotuita ghalani, tulikwenda kama watu waendao harusini. Mwalimu hakuwapo. Alikuwa ameitwa Mahenge kwenye mafunzo ya makatekista. Mzee Kasiani alitembeza macho juu ya magunia, akalionyesha lenye maandishi mekundu. "Ninyi wageni nawapa hili la Mwalimu. Mbegu ya mtu wa Mungu haikosi kuota." Baba aliinama, akalikumbatia na kulitupa begani kwa mkupuo mmoja, akasimama wima akishangaa. "Mama Tito!" akamwita mama. "Nguvu zimerudi!" Alipiga mluzi njia nzima hadi nyumbani, na mama akacheka kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu homa ianze.

Mama Desi alikuwa amemfundisha mama kwamba mbegu ya mpunga huchaguliwa kwa maji. Unajaza pipa, unamimina mpunga, unakoroga kwa mkono. Punje yenye kitu ndani huzama. Inayobaki juu ni mapepe, yaani maganda matupu, ambayo kwa nje yana umbo na rangi ileile ya mpunga mzuri, na hujui ni tupu hadi uyabonyeze kwa kucha. Mama alifungua gunia akachota bakuli la kwanza, likazama kwa sauti ya mvua ndogo. La pili likazama. La tatu nusu ikabaki juu. Alichota tena akiingiza mkono ndani zaidi, akamwaga, na uso wote wa maji ukafunikwa. Alikoroga. Mapepe yakazunguka, yakatulia, yakabaki palepale. Akauzamisha mkono ndani ya gunia hadi begani na kutoa konzi kutoka chini kabisa. Akaibonyeza, akaipuliza, na konzi yote ikapeperuka kutoka kiganjani mwake.

Wakati huohuo sauti ya Mama Desi ikasikika kwenye migomba. "Hodi huko! Mama Tito, mbegu imezama?" Mama alifunika pipa kwa ungo, akajitupa juu ya gunia na kulikalia kama kigoda. Nilimwona akijifuta mikono kwenye kanga na kuweka uso wake sawa.

"Karibu, jirani. Tunaendelea nayo."

"Ya Mwalimu lazima izame! Yule hata akimeza maji atazama wima, kola yake isilowe!" Alicheka hadi akashika mti, akasimulia habari za watu wengine watatu, akaenda zake. Mama hakuinuka mpaka sauti yake ilipopotea.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na ameona yote. "Kwa nini umemficha?" aliuliza. Mama akasema hajui, mkono ulifunika wenyewe. Baba alilizunguka gunia mara kadhaa bila kuligusa. Nadhani kilichomuuma zaidi ni ule mluzi. "Mtu anayekagua kucha za watoto," alisema. "Kesho naenda parokiani. Nalibeba hivihivi, jina lake likiwa mbele, watu wasome." Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitakachofuata. Mwalimu angevuliwa ukatekista, na katika bonde lile jina lake lingekuwa wimbo wa wapuraji mpunga hadi wajukuu zake. Mama akasema kwanza anataka kumsikia. "Umsikie nini? Gunia limeshasema," baba alijibu, lakini akampa mama hadi kesho asubuhi.

Mwalimu alikuwa amerudi kutoka Mahenge siku hiyohiyo. Alasiri mama aliliweka gunia kichwani, akalifunika kwa kanga upande wa maandishi, akanichukua mimi. Nilikuwa sijawahi kufika nyumbani kwa Mwalimu, na nilitazamia nyumba iliyonyooka kama yeye. Tulikuta kijumba chenye paa la nyasi zilizooza, na nyuma yake Mwalimu, kifua wazi, amevaa kaptula iliyochanika, akichimba mtaro wa kuzuia maji yasiingie ndani. Alipotuona alitupa jembe, akakimbilia ndani, akatoka amevaa lile koti jeusi juu ya ngozi tupu, amelifunga vifungo vyote hadi juu. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni na kuingia kwenye kola.

"Shikamoo, Mwalimu," mama alisema.

"Marahaba. Mtoto ameshazijua Amri?"

"Anazisoma. Mwalimu, mbegu yako inaelea."

Mama alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba, bila ukali. Akalishusha gunia na kuondoa kanga. Mwalimu alilitazama jina lake. Mkewe, Mama Oliva, aliyekuwa akitwanga makopa ya muhogo pembeni, aliuacha mchi ndani ya kinu. Kisha Mama Oliva akasema, "Mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, maana mpunga wa wanangu ndio uliokaa juu hapo."

Na ndiye yeye aliyesimulia, kwa kuwa Mwalimu hakuweza. Mpunga unapoanza kuweka maziwa, ndege wadogo huja bondeni kwa maelfu, na kila familia huhamia shambani kuamia, yaani kuwafukuza tangu alfajiri hadi jua lizame. Ukiondoka asubuhi moja tu, kufika mchana mpunga wako umekwisha. Ndege hubana punje changa, hunyonya maziwa yake na kuacha ganda likining'inia kwenye shuke kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka ule, watu wote walipokuwa mashambani, Mwalimu aliwafuata huko. Alitembea kutoka dungu hadi dungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo waamiaji hukaa, akifundisha watoto katekisimu, akisali na wagonjwa, akiwazika waliokufa mbali na kijiji. Mama Oliva alikuwa ametoka kujifungua na hakuweza kupanda dungu. Shamba lao halikuwa na mtu. Walipokwenda kuvuna walilikuta limesimama vizuri, la manjano, na tupu.

"Hayo mapepe hatukuyaokota popote," Mama Oliva alimaliza. "Hayo ndiyo mavuno yetu. Ila mpunga wa juu dada yangu alitupa tule, mume wangu akafunikia mapepe."

"Nilitaka kulibadilisha kabla ya mvua," Mwalimu alisema akitazama chini. "Nilikuwa napata kibarua huko ng'ambo ya mto, kidogokidogo. Ndipo nikaitwa Mahenge."

Nilidhani mama atalia, au atamkemea. Alisema, "Ungeyaleta hivyohivyo, Mwalimu. Bila kuyafunika."

"Watu wangecheka, Mama Tito."

"Wangecheka. Kisha wangekuletea watoto wao wakuamie ndege. Sasa nani angejua kama una shida? Gunia lako ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote."

Maneno hayo nimeyabeba miaka mingi na katika mikoa mingi. Wakati ule sikuyaelewa. Nilikuwa nalitazama koti, nikiona kwa mara ya kwanza kwamba kiwiko chake kimeshonwa na kushonwa tena kwa uzi mweusi, mishono midogo sana, ya mtu aliyetaka isionekane.

Asubuhi iliyofuata baba alikuwa amekaa mlangoni akifunga kamba za viatu vyake vya safari Mwalimu alipotokea kwenye migomba, bila koti, amebeba kichwani kiroba kilichojaa masizi. Ilikuwa nusu ya mbegu yake mwenyewe, aliyoikusanya kwa vibarua, ile ambayo kila mkulima huning'iniza juu ya moto wa jikoni wadudu wasiifikie, na ambayo hailiwi hata na mwenye njaa. Hakuuliza kama mama amesema au hakusema. Aliitua mbele ya baba, akabaki amesimama. "Baba Tito," alisema, "nilimpa Mungu mapepe, yakakufikia wewe." Baba alimtazama muda mrefu, mtu mmoja mwenye kiatu kimoja kilichofungwa na kingine hakijafungwa. Kisha akavua vyote viwili. "Keti, Mwalimu," alisema. "Hatuna kiti. Kilaze hicho kinu ukalie." Wakakaa wakizungumza habari ya mabonde gani hufurika mapema, na suala la parokiani halikutajwa siku hiyo wala nyingine. Mama alituita sisi watoto jikoni akatuambia siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba sisi sasa ni kata. Tulijua maana yake: atakayesema atakula fimbo.

Tulipanda sehemu tu ya zile eka mbili, na Mwalimu naye akapanda sehemu tu ya kwake, kwa kuwa mbegu ya mmoja ilikuwa imegawanywa kwa wawili. Ndege walipokuja, mama alimwambia Mama Desi, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba Mwalimu hana mtoto mkubwa nyumbani na watoto wa darasa la komunyo wanakaa bure. Hakuongeza neno. Jioni kijiji kizima kilikuwa kimejua, na kesho yake alfajiri tulijikuta watoto wengi juu ya dungu la Mwalimu kuliko nguzo zake zilivyoweza kubeba. Tulikuwa na kombeo, mabonge ya udongo, na kamba zilizofungwa makopo kuvuka shamba lote. Ulipovuta kamba, makopo yalilia na ndege wakainuka kama blanketi linalokung'utwa. Mwalimu alipita kwenye tuta akienda kwenye madungu ya wengine, viatu mkononi, akasimama kutusikiliza. Halafu akaanza kutuuliza Amri kutoka kulekule chini, nasi tukajibu kwa kelele zilezile za kufukuzia ndege.

"Ya nane!" alipaza sauti.

"Usiseme uongo!" tulipiga kelele wote, makopo yakilia.

Nilimwona akitikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyepewa jibu, kisha akaendelea na safari yake bila kuuliza ya tisa.

Jumapili ya mavuno ilipofika, magunia yalikuja na ngoma kama kawaida, na majina yake. Mwalimu alikuja kwa miguu, mwisho wa mstari, amevaa koti na shati jeupe na mikunjo yake, amebeba ungo mkononi. Ndani ya ungo kulikuwa na mpunga usiojaza hata nusu. Ulikuwa umepepetwa vizuri. Vigelegele vilififia, watu wakatazamana. Mama Desi, ambaye hakuweza kuacha jambo lipite, alisema kwa sauti ya kusikika benchi zote, "Mwalimu! Mwaka jana gunia, mwaka huu ungo? Imani imepungua?"

"Mwaka jana nilizidisha gunia, mama," Mwalimu alijibu.

Kanisa zima lilicheka, likidhani ni utani. Yeye mwenyewe hakucheka. Alitembea hadi mbele, mgongo umenyooka, akamimina mpunga wake kwenye mkeka polepole, hadi punje ya mwisho, kila mtu akiona. Nilimgeukia baba kwenye benchi lake la mwisho. Alikuwa amesimama. Na nisije nikamfanya Mwalimu malaika: Jumapili hiyohiyo, kabla ya ibada, alikuwa amemrudisha nyumbani binti mmoja kwa kukosa kitambaa, na aliendelea kutukagua kucha miaka yote niliyoishi pale. Mtu habadiliki kama nguo inavyobadilishwa.

Leo nina miaka arobaini na kitu, na tangu nitoke bondeni sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya misimu michache. Nimekata miwa, nimelinda maghala, nimeuza spea za pikipiki, nimesali katika makanisa mengi kuanzia Tunduma hadi Geita. Siku hizi sadaka ya mavuno hutumwa kwa simu, na majina ya waliotoa husomwa kwenye kipaza sauti. Kwaya zina sare tatu kwa mwaka, na mahali pengine nimeona mtu asiye na sare akiimba kutoka nje ya dirisha. Ninaofanya nao kazi husema waumini wote ni wanafiki, wazuri nje na wabaya ndani, na wananitaka niunge mkono kwa kuwa nimeona mengi. Siwezi. Nimewaona wanafiki, ndiyo, na wengine wamenila mchana kweupe. Lakini kila nionapo mtu aliyepangika kupita kiasi, mwenye jibu la kila swali na ambaye kamwe haumwi, jambo la kwanza ninalojiuliza si ameiba nini. Najiuliza ni nini kimemfika ambacho hathubutu kutuambia, na sisi tuliokaa naye benchi moja tulimtisha kwa kitu gani. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini hakuna afichaye uchi wake mbele ya watu asiowaogopa. Bondeni kule watu waliogopana kama kwingine kote. Ila waliishi karibu mno, kwa tope moja na ndege walewale, hata ukifunika gunia leo, kesho lazima mtu atie mkono.

Niliondoka nikiwa kijana, muda si mrefu baada ya kumaliza kidato cha nne, wakati ambapo nilijiona najua kila kitu isipokuwa mahali pa kwenda. Mama alikuwa amenifungia chakula cha njiani na kukataa kuja kituoni, kwa kuwa hakutaka watu wamwone akilia. Basi lilikuwa la kwenda Kidatu, kwa njia ya Kiberege na Mkula, na kutoka huko sikuwa na mpango. Nilikuwa nimevaa suruali mpya, na nimesimama mikono mfukoni kama mtu aliyezoea kusafiri. Mwalimu Wendelini, mvi zimemjaa, alitokea kati ya wauza ndizi. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, kama ilivyokuwa desturi yake, na safari hii hakukosa kuridhika.

"Una shida yoyote, Tito?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Niko vizuri."

Hakuondoka. Utingo alikuwa anapiga bodi ya basi, watu wanasukumana mlangoni, naye amesimama tu ananingoja, kama alivyotungoja darasani tulipotoa jibu la nusu. Nikaangalia pembeni.

"Naogopa," nilisema.

"Haya," Mwalimu alisema, na kunishika bega. "Sasa najua la kukuombea. Panda."